Delaigue Hajui Kuzibua Chemchemi

Macquarie Fields,
Sydney, Australia.
Jumapili, 9 Juni 2024.
Miaka kumi na miwili tangu nitoke nyumbani Kalengera, na saba tangu nifike huku.

Mpendwa mdogo wangu Aimé,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Huko kwenu jua ndiyo kwanza linaanza kuwaka. Huku majira yamegeuka, na asubuhi ninapokwenda kazini pumzi yangu inatoka kama moshi wa jiko. Hujambo lakini? Kile kikohozi cha wakati wa theluji kimekuacha? Mama aliniambia umekonda. Namjua Mama, kwake kila aliye ng'ambo amekonda, lakini nakuuliza hata hivyo, nawe unijibu kweli.

Sisi tunaendelea. Belyse bado anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Yeye anainua watu, mimi nainua maboksi, na jioni tunakaa jikoni kila mtu akimwonyesha mwenzake mahali panapouma. Gloire amemshinda mama yake urefu. Mgongo wangu haujambo siku za Jumapili tu.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu imetushinda. Mara mbili nimekupigia kuhusu jambo hili, na mara mbili umenikatia. Barua haikatwi. Unaweza kuikunja na kuitupa, lakini ukiiokota itaendelea pale pale ulipoiachia. Uuvumilie mwandiko wangu. Wewe ulimaliza sekondari, mimi niliishia darasa la sita, na mkono uliozoea kukaza kamba za mizigo hauipendi kalamu.

Nianze na kazi, ili ujue nilikuwa katika hali gani nilipousikia ujumbe wako. Ghala letu liko Ingleburn. Kontena zinakuja zimejazwa mpaka mlangoni, maboksi yamelegea kwa safari ya baharini, na ukifungua vibaya yanakushukia kichwani. Siku ile tulipewa kontena la matairi. Matairi hayana pa kushika. Tulikuwa watu wanne, wawili wakaondoka kabla ya chakula cha mchana, na msimamizi akasema tumalize hivyo hivyo wawili. Tukamaliza. Nilipopanda treni mikono ilikuwa myeusi na masikio yanavuma, ndipo nikaona umenitumia sauti. Nikafurahi. Nikasema, leo mdogo wangu amenikumbuka.

Kutoka Ingleburn mpaka kwangu ni kituo kimoja tu. Ujumbe wako ulikuwa mrefu kuliko njia. Nikapitiliza kituo changu nikiwa nakusikiliza, nikashuka Glenfield, nikasimama kwenye upepo nikusikilize mpaka mwisho. Kwa hiyo usiniambie tena kwamba sikukusikiliza.

Ulisema umekubaliwa kuwa Mfaransa, na ukikubaliwa unaruhusiwa kuomba jina la Kifaransa. Ulisema mwalimu wenu wa jioni, yule mama mzee anayewafundisha bure, amewafungulia macho kuhusu majina ya nchi ile. Kwamba Aix uliyofikia kwanza ilipewa jina na Warumi kwa neno lao la maji. Kwamba Ax ni hivyo hivyo, na Dax pia, neno ni moja, limeliwa na midomo ya watu mpaka limebaki mfupa. Kwamba watu wa kusini walisema aigue pale watu wa kaskazini waliposema eau, ndiyo maana huo mji wako unaitwa Chaudes-Aigues, Maji ya Moto, na maji yenyewe yanatoka ardhini yakiwa ya kuchemsha yai. Kuna Aigues-Mortes, Maji Mafu. Kuna Aiguebelle, Maji Mazuri. Kuna Entraygues, Kati ya Maji, kwa kuwa mito miwili inakutana hapo. Ukasema hata sinki unaloshea vyombo hotelini, jina lake la Kifaransa limetoka kwenye neno lile lile la zamani.

Nisikufiche, mdogo wangu, nilipenda. Nilisimama pale Glenfield nikawawazia watu wa zamani wamekufa, lugha yao imekufa, na jina walilolipa maji yao bado linaandikwa kwenye tiketi ya basi. Si jambo dogo. Kama ungeishia hapo ningekutumia kicheko.

Lakini hukuishia hapo. Ukasema watu pia wanaitwa hivyo: Deleau, Bellaigue, Delaigue. Ukasema umechagua Delaigue, Wa Maji, kwa sababu ndiyo maana ya jina letu, na kwamba hakuna kilichopotea. Ukasema, ukiniita yaya kama unavyomwita kaka yako tangu utoto, na nayaandika maneno yako kama yalivyo: "Yaya, ni Namishi yule yule, nimemvalisha koti tu."

Aimé, nani alikuambia Namishi ni jina la kuvalishwa koti?

Nilirudia ujumbe wako jikoni ili Belyse ausikie. Gloire alikuwepo. Unajua anaelewa kila neno la Kiswahili lakini anajibu kwa Kiingereza. Akasema, "Baba, ni jina lile lile kwa lugha nyingine. Tatizo liko wapi?" Nikamwuliza, "Kesho nikikuita Utukufu, utaitika?" Akasema nisithubutu, hasa mbele ya rafiki zake. Belyse akacheka mpaka akaweka mwiko chini. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza, "Lakini nyumbani wameshajua?" Nikasema sidhani. Nilikuwa nimekosea.

Kazini ninaye mzee mmoja wa Morisi, dereva wa foklifti, ambaye jina lake la ukoo ni Deleau. Miaka yote hii nilikuwa naliona kwenye fulana yake bila kulijali. Baada ya ujumbe wako nikamfuata wakati wa chai.

"Mzee, jina lako maana yake nini?"

"Wa Maji. Kwa nini, unataka kuninywa?"

"Kwenu mlikuwa na chemchemi?"

"Kwetu tulikuwa na bomba, na bomba lenyewe lilikuwa la jirani."

"Sasa jina lilitoka wapi?"

"Kwa karani. Babu wa babu yangu alipoachiwa huru kwenye mashamba ya miwa, karani alitaka jina la kuandika. Labda siku ile karani alikuwa na kiu."

Nikamwuliza kama hajawahi kutaka kujua zaidi. Akaniambia anachotaka kujua ni nani aliyeiacha ile paleti ya bluu njiani. "Sukuma, Chris, kabla mtu hajavunjika mguu."

Ndiyo, huku naitwa Chris. Nakuandikia mwenyewe kabla hujanitupia usoni. Msimamizi alishindwa kutamka Cirhuza siku ya kwanza, akaandika Chris kwenye kadi ya mlangoni, na mpaka leo ndiyo hiyo. Sipendi. Lakini huyo Chris namvua pamoja na fulana na kumtundika kwenye msumari getini. Sijampigia Mama simu nikamwambia amezaliwa mtoto mpya anaitwa Chris.

Wewe ulimpigia. Hapo ndipo penye kidonda, na hapo ndipo uliponikatia simu mara zote mbili, kwa hiyo soma taratibu.

Mama alinipigia Jumamosi ya wiki iliyofuata. Hata salamu hakumaliza.

"Cirhuza, ni kweli mdogo wako ameliweka jina chini?"

"Nani amesema hivyo, Mama?"

"Mwenyewe aliniambia, tena anacheka. Kwamba sasa anaitwa kwa Kifaransa. Nami nikawasimulia wenzangu kwenye maji, nikidhani ni sifa."

"Précieux wa baba mdogo alikuwepo?"

"Alikuwa ananywesha ng'ombe wake. Alisikia yote. Kesho yake alikuja na kreti za bia kwa wazee."

Halafu Mama akasema, "Mimi ndiye niliyesema, mwanangu. Mdomo wangu." Nikamwambia si yeye. Na si yeye. Ila yeye hanisadiki, na tangu siku hiyo anakwenda kuteka maji alfajiri peke yake ili asikutane na wenzake.

Najua uliondoka nyumbani ukiwa kijana, na Baba alifariki kabla hajakukalisha chini akueleze mambo yote. Pengine hiyo ndiyo shida, na pengine nakukasirikia kwa jambo ambalo hukufundishwa. Basi nikueleze mimi.

Kwetu watu hawarithi jina la baba kama Wafaransa. Mimi ni Cirhuza, wewe Namishi, Baba alikuwa na lake na Mama ana lake, na hakuna aliyewahi kutuuliza kama sisi ni ndugu mpaka tulipofika ng'ambo. Jina moja tu katika ukoo wetu linapita kutoka mtu hadi mtu, nalo ni Namishi, mwenye maji. Halichukuliwi na watu wawili walio hai. Babu alikuwa nalo. Nilipozaliwa mimi Babu alikuwa bado ana nguvu, ndiyo maana mimi mzaliwa wa kwanza sikulipata. Ulipozaliwa wewe alikuwa amezikwa mwezi mmoja nyuma. Baba akakubeba mpaka kwenye chemchemi, akaviingiza viganja vyako ndani ya maji, ukalia kwa baridi, watu wakasema: amekubali. Nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika jembe la Baba, na lilikuwa refu kuliko mimi.

Jina lile ni kazi. Kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua hazijaanza, watu wa kilima chote wanakwenda na majembe kuzibua chemchemi. Wanatoa tope, wanakata mizizi, wanapanga mawe upya. Wakati wote huo maji yamezuiwa juu kwa gogo la mgomba na udongo. Kazi ikiisha Namishi anaingia, anatoa gogo, anayafungua maji. Kibuyu cha kwanza hampi mtu wa ukoo wetu. Anampa mwanamke aliyetoka kwingine, mke aliyeletwa kilimani karibuni kuliko wote, ili kila mtu aone kwamba maji yale hatuna haki ya kumnyima mgeni. Mama mwenyewe alikinywa mwaka alioletwa pale akiwa bibi harusi. Bado anakisimulia hicho kibuyu.

Tangu Baba afariki, baba mkubwa amekuwa akilitoa gogo kwa niaba yako, na kila mwaka anasema kwa sauti, "Namfungulia Namishi aliye safarini." Watu wanaitikia. Miaka yote ambayo wewe uko kwenye vyombo vyako huko hotelini, jina lako limekuwa likiitwa kwenye tope lile kila mwaka. Ulikuwa hujui? Mimi nilikuambia. Ulisema, "Vizuri, yaya, wasalimie."

Sasa sikia kosa lenyewe. Mwenye jina akisema kwa kinywa chake kwamba ameliweka chini, jina linakuwa la yeyote wa ukoo atakayeyafungua maji siku ya kuzibua na watu wakaitikia. Hakuna karani hapo. Maneno tu, na watu waliosimama wakashuhudia. Wewe ulikuwa unamfurahisha Mama. Nyumbani limesikika kama tangazo.

Précieux unamjua, mtoto wa baba mdogo, aliyerudi kutoka machimboni Kamituga na bati jipya juu ya nyumba. Mke wake amejifungua mtoto wa kiume. Anataka amwite Namishi. Mwezi wa nane atasimama na mtoto mgongoni mwa mkewe, atalitoa gogo, na jina litakuwa lake mpaka mtoto akue. Mabomba ameshanunua, na kufuli. Anasema atajenga kibanda kizuri cha saruji, maji yawe safi, kila ndoo ilipiwe. Aliwaambia wazee, "Mmoja alikufa, mwingine ni Mfaransa. Mnamngoja nani?"

Nami sina jibu la kumpa. Hilo ndilo linalonichoma. Nimelitafuta nikiwa nasukuma paleti, nimelitafuta kanisani, nikalikosa, kwa sababu wewe mwenyewe umempa maneno ya kusema.

Nisimwonee Précieux. Saruji si dhambi. Kama angejenga bila kufuli ningemtumia misumari. Lakini fikiria nyumba ya Mama ilipo. Chemchemi iko chini ya migomba yake, anashuka na kibuyu huku amejishikilia kwenye mashina. Ikifungwa, itambidi amwombe funguo kijana ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimfuta makamasi, au avuke kilima aende mtoni, na mto ule sasa unateremka mwekundu kutoka kwa wachimbaji. Mama hatamwomba funguo mtu. Unamjua. Atavuka kilima. Kwa magoti yale.

Ndiyo maana nilipokupigia nikakosa adabu. Nilikuita majina, na ulikuwa na haki ya kukasirika. Lakini uliponijibu, "Yaya, wewe una wivu tu kwa sababu jina hukupewa wewe," ulinikata vibaya. Nimelifikiria neno hilo. Mtoto aliyeshika jembe pengine alikuwa na wivu. Mwanaume anayeandika barua hii amechoka, ana njaa ya kulala, na anachotaka ni mama yake asivuke kilima.

Nikuambie kitu kingine. Juzi nilikuwa Parramatta kwa shughuli nitakayokueleza mwishoni. Nilimaliza mapema nikakaa ukingoni mwa mto, pale boti za abiria zinapofika. Kuna kijana mmoja tuliwahi kufanya naye kazi, mwenyeji hasa wa ardhi hii, wale waliokuwepo kabla ya wazungu. Aliwahi kuniambia kwamba Parramatta ni neno la wazee wa huko, linahusu mikunga, samaki wale warefu, na mahali wanapolala majini. Wazungu walipofika walichukua ardhi, wakawasukuma watu pembeni, neno wakalibakiza. Nilimwuliza kama hilo halimfurahishi, kwamba walau neno limebaki. Akasema, "Ndugu, limebaki kwenye ubao wa kituo cha treni."

Nilikaa pale nikauangalia ule mto wa kahawia nikakukumbuka wewe na Aix yako na Dax yako. Majina yale ni mazuri, Aimé. Mwalimu wako hakudanganya. Lakini jina la mji linajikalia lenyewe, halihitaji mtu wa kulibeba. Mzee Deleau anaweza kuitwa Wa Maji maisha yake yote bila kulowesha mguu, na hakuna mtu wa kumlaumu. Akina Delaigue wa huko kwenu huenda babu yao aliishi kando ya kijito, basi, kijito kikakauka na jina likaendelea. Kwetu haliendelei bila mtu. Namishi asipokuwa na miguu kwenye tope, hayupo. Hujatafsiri jina, mdogo wangu. Umeacha kazi, na mwenye kufuli ameona nafasi iko wazi.

Sasa nitakalokuomba ni moja, na si lile ulilofikiri.

Sikuombi uliache koti lako. Baki na Delaigue kwenye pasipoti. Mimi nimeishi na foleni za wenye makaratasi, najua mtu anavyochoka kutamkiwa vibaya kila dirisha, najua mwajiri anavyoliruka jina asiloweza kulisoma. Likikupa usingizi, litumie, Mungu akubariki nalo. Kama utapata watoto huko, waitwe Delaigue na wajue maana yake. Sitakutania, au nitakutania kidogo.

Ila mpigie baba mkubwa simu. Siku ya Jumapili, baada ya misa, wazee wanapokuwa pamoja, na aiweke simu isikike na wote. Useme kwa kinywa chako, kwa lugha yetu, kwamba jina hukuliweka chini. Useme umelitia mkononi mwa kaka yako Cirhuza. Baba mkubwa ananiambia jambo hilo linakubalika. Mwenye jina akimkabidhi ndugu yake wa tumbo moja, mwingine hawezi kulichukua. Lakini anayekabidhiwa lazima awepo mwenyewe siku ya kuzibua. Mtu wa simu hafungui maji, na baba mkubwa mwaka huu amekataa kusema tena "aliye safarini". Anasema amezeeka na safari zetu zimekuwa ndefu.

Usipopiga simu, nitakwenda hivyo hivyo. Nitasimama mbele ya Précieux na mtoto wake, na watu wataitikia wamtakaye. Inawezekana wasiniitikie mimi. Ni miaka kumi na miwili, na wao ndio waliokuwa wakichimba. Hilo linanitisha kuliko kontena lolote. Ukipiga, nitasimama nikiwa na neno lako nyuma yangu. Ndiyo tofauti yote, na iko mdomoni mwako.

Belyse anajua. Aliniuliza kama nina hakika nataka kuwa mtu wa kurudi kila mwaka kuchimba tope, mimi ninayelalamika mgongo kila jioni. Nikamwambia sina hakika. Huenda mwaka mmoja niende mimi, mwaka mwingine uende wewe kwa niaba yangu, Bwana Delaigue na jembe. Akasema hilo angelipa kiingilio alione.

Mama anakusalimu. Hana hasira nawe, anayo na mdomo wake mwenyewe, kwa hiyo umpigie umtulize. Shangazi Divine anasema magoti yake yamekubali dawa. Gloire anakuuliza kama ni kweli mnaweza kuchemsha yai kwenye kisima. Nimemwambia akuandikie mwenyewe, kwa Kiswahili, tuone. Msalimie sana Yvette wako, na umwambie shemeji yake ana barua ndefu lakini roho fupi. Msalimie pia yule mwalimu. Mwambie kaka yako ameyapenda majina yake ya maji, na kwamba analo moja ambalo yeye mwalimu hajalipata kitabuni.

Mungu akulinde na kikohozi, akupe mapumziko kwenye kazi yako, akulainishie moyo kabla ya hiyo Jumapili ya simu.

Ile shughuli ya Parramatta ilikuwa tiketi. Ni mbili, yangu na ya Belyse. Gloire atabaki kwa rafiki zetu kwa sababu ya shule. Tutapitia Kigali, na Jumatano tarehe 21 Agosti, Mungu akipenda, nitakuwa Kalengera. Kuzibua ni Jumamosi tarehe 24. Belyse ni Mrundi, hajawahi kukanyaga kilima kile, na tangu nimuoe hajapata kuyaonja maji ya kwetu. Katika wake wote wa ukoo hakuna mgeni kuliko yeye. Maji yakifunguka mkononi mwangu, kibuyu cha kwanza ni chake.

Ndugu yako akupendaye, hata leo alivyokasirika,

Cirhuza